Kila, na Tu

Miaka thelathini na mmoja Wanda Jagodzinski alisoma lebo za jibini
katika kiwanda cha uchapaji cha Tamarack Bend,
kalamu nyekundu sikioni, miwani kwenye ncha ya pua.
Anajua uzito wa neno dogo.
"Jibini" ni jibini.
"Ladha ya jibini" ni unga, rangi na wakili.
Aliwahi kuisimamisha mashine usiku kucha
kwa sababu ya "ya" moja iliyokaa pasipo pake.

Jumanne ile theluji iliwahi.
Kituo cha kura ni kituo cha zimamoto:
gari jekundu limetolewa nje, limevishwa turubai,
na ndani mnanuka mpira, kahawa, soksi zilizolowa.
Wagombea wako upande wa mbele. Ukigeuza karatasi,
chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa ufuta:
Je, katiba ya jimbo ibadilishwe,
ili pale palipoandikwa "kila raia" aliyetimiza miaka kumi na minane
pasomeke "raia tu"?

Akapitisha jicho mara moja.
Raia huku, raia kule. Kumi na minane, kumi na minane.
Nyuma yake mtu akakohoa.
Akajaza wino kiduara cha ndiyo,
akabandika kibandiko kifuani mwa koti,
akaenda kununua chumvi ya kumwaga barazani.

"Kila" linasema nani asizuiwe.
Halisemi nani asikaribishwe.
Humo katika kunyamaza kwake
baraza la mji lilikuwa limeanza kusogeza kiti:
mkazi mwenye kadi ya ukaaji, mwenye mtoto darasani,
naye apige kura ya bodi ya shule. Ya bodi tu.
(Tazama, hata mimi nimelitumia.)

Nami ninayeandika haya kwa Kiswahili nakwama kwenye silabi hiyo,
maana kwetu ina makazi mawili.
Iweke mbele: tu raia, tu majirani, tu wazima,
na sebule inajaa watu.
Isogeze nyuma, hatua moja:
raia tu.
Hata kitasa hukisikii.

Mai Yer Thao, wa ng'ambo ya ua,
ana kadi hiyo tangu mwaka Wanda alipofiwa na mume.
Watoto wanne wamepitia Shule ya Mtaa wa Nne;
wa tano bado yumo, anajifunza tarumbeta, mtaa mzima unajua.
Kodi ya nyumba huilipa kabla ya barua ya pili.
Alikwisha kumchagua mtu wake moyoni,
yule mama aliyeapa maktaba haitafungwa.
Swali la kumtoa hakuulizwa yeye.
Hakuwa na karatasi ya kugeuza.

Aprili bodi ikakaa: maktaba ifungwe,
ala za muziki zirudishwe stoo.

Yer akaja na bakuli la supu ya kuku na mchaichai,
kama ajavyo akipika nyingi,
akauliza bila hasira, kama mtu anayeuliza bei,
"Wewe ndiye msomaji wa maneno. Hili lilifanya nini?"

Wanda akatafuta gazeti la Novemba
chini ya mitungi ya achari ya matango,
akalitandaza mezani, akachomoa kalamu.
Akalizungushia "tu" duara jekundu,
safi, kama kazini,
kisha mkono ukabaki hewani
kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpelekea.

"Nililiona," akasema.
"Sikulisoma."

Supu ikaanza kuganda mafuta pembezoni.
Ng'ambo ya ua mtoto alikuwa akiitafuta noti moja,
anaikosa, anaanza upya,
anaikosa.
Jumatatu alitakiwa kuirudisha tarumbeta,
ikiwa imefutwa vizuri,
na jina lake limebanduliwa kwenye sanduku.